Unadhani Moyo wa Kipchoge Ulitoka Sayari Ingine? Soma Hii Kwanza

Oktoba 12, 2019, Eliud Kipchoge akimaliza kilomita 42 kule Vienna kwa 1:59:40, base zote za Eastlando zilikuwa zinabonga hiyo stori. Na line ya kuifunga ilikuwa ile ile: "Hao watu wa Rift huzaliwa hivyo."

Kiasi ni ukweli. Damu ya wazazi na kukulia milimani zinasaidia. Lakini kuna Mswidi alikuwa anaitwa Bengt Saltin, profesa wa misuli, aliyewahi kuja hadi Kenya kupima wakimbiaji wetu. Kazi yake ya kutushtua sisi wa mtaa ilikuwa ya mapema, 1966, Dallas, Marekani. Yeye na wenzake walilaza vijana watano kwa kitanda wiki 3. Kutoka hapo, oksijeni yenye mwili unaweza kutumia ukijisukuma ilikuwa imeshuka karibu robo.

Miaka 30 baadaye wale wale watano wakapimwa tena, sasa ni mabuda wa 50. Cheki hii: uzee wa miaka 30 haukuwa umewamaliza kama zile wiki 3 za kulala. Wakatembea, wakajog na kuendesha baiskeli polepole kwa miezi 6, na ile nguvu ya umri wa 20 ikarudi.

Ni hivi: moyo ukizoeshwa unajaa damu vizuri na kusukuma nyingi kwa mpigo mmoja, ndio maana wa mkimbiaji hupiga pole akipumzika. Misuli nayo ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwa damu, hata kwa mtu mwenye insulini yake imezembea. Moyo wa Kipchoge ni mashine ka yako, ni vile tu yeye huitumia.

Msee wa mjengo anayetoka Kayole na miguu hadi Inda juu ya kukosa fare anadhani huo ni umaskini tu. Mapafu yake yanajua ni mazoezi. Mwenye yuko kwa shida ni sisi wa mathree: jam ya Jogoo Road, kiti cha ofisi, jam tena, kisha sofa. (Naandika hii nikiwa nimekaa tangu asubuhi, so sikuhubirii.)

Na usianze kwa kujiua. Hata kule Kaptagat, kilomita nyingi za wiki ni za mwendo wa kupiga stori. Shuka Hamza, tembea haraka hadi Buru, siku tano kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150, hiyo ni nusu saa kila siku ya kazi. Ka una presha, au kifua hukubana ukipanda ngazi, pitia kwa daktari kwanza.