Sura ya Sita: Skrini Inapoonyesha Chenga

Kompyuta ya gemu imeungwa Kigali, ikapakiwa garini, ikapita Musanze na kona zake zote, ikafika Gisenyi baada ya zaidi ya kilomita 150. Jioni mwenyewe anaiwasha kwa hamu. Nembo inatokea, halafu skrini inajaa chenga: vidoti vya kijani, mistari ya zambarau, picha inayokatika na kurudi. Lawama zote huangukia kadi ya grafiki, kwa kuwa ndiyo iliyokula pesa nyingi. Mara nyingi kadi hiyo haina kosa.

Picha husafiri. Huchorwa na chipu ya kadi, hutunzwa kwenye kumbukumbu ya kadi, hupita kwenye kebo, ndipo hufika kwenye skrini. Chenga zinaweza kuzaliwa katika kituo chochote cha safari hiyo. Kazi ya fundi ni kukijua kituo hicho kabla hajashika bisibisi.

Anzia mwisho wa safari. Bonyeza kitufe cha skrini ili menyu yake ya mwanga na rangi itokee. Menyu hiyo huchorwa na skrini yenyewe, si kompyuta. Chenga zikipita hata juu yake, ugonjwa uko kwenye skrini. Menyu ikiwa safi, piga picha ya skrini kwa kutumia kompyuta, kisha itume kwenye simu yako. Ikionekana safi kwenye simu, kadi imechora vizuri na picha imeharibikia njiani: badilisha kebo, jaribu tundu jingine la kadi, au shusha kasi ya skrini kutoka hezi 144 hadi 60. Lakini chenga zikionekana hata kwenye simu, rudi kwenye kadi na programu zake.

Sasa uliza: zinaanza lini? Zikionekana tangu kwenye ukurasa wa BIOS, kabla Windows haijafunguka, draiva haihusiki, kwa sababu bado haijaanza kazi. Zikianza baada ya Windows kufunguka, ondoa draiva yote na uweke mpya kutoka kwa mtengenezaji wa chipu. Zikija tu gemu inapokuwa nzito, shuku joto au umeme.

Upande wa umeme, hesabu ni nyepesi. Tundu la ubao mama hutoa hadi wati 75, na plagi ya pini 8 imewekewa kiwango cha wati 150. Kadi yenye plagi mbili ipewe kebo mbili zinazotoka kwenye pawa saplai kila moja peke yake, si kebo moja yenye vichwa viwili. Upande wa joto, hakikisha feni zote zinazunguka na kwamba kasha halijabanwa ukutani. Gisenyi iko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo feni ileile hubeba joto pungufu kidogo.

Kwa kompyuta iliyosafiri, kuna tiba ya kutangulia zote. Kadi nzito hushikiliwa na skrubu chache na tundu lake, na mtikisiko wa barabara huweza kuilegeza. Zima, chomoa waya ukutani, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli utoke mwilini, toa kadi, kisha irudishe mpaka kishikizo kilie.

Kama chenga bado zipo, iazime kompyuta ya rafiki uijaribu kadi humo. Zikiifuata huko, kadi ni mbovu, hata kama ni mpya. Haya hutokea: Novemba 2018 NVIDIA ilikiri kwamba baadhi ya kadi za mwanzo za RTX 2080 Ti zilipita kwenye majaribio ya kiwandani zikiwa na kasoro.

Hapo usiichome kadi kwa hewa ya moto kama wanavyoshauri baadhi ya vijana. Utaua kadi na dhamana kwa pamoja. Chukua risiti na ile picha uliyoituma kwenye simu, uirudishe dukani. Tunza risiti yako tangu siku ya kwanza, iwe umenunua Kigali, Goma au Dubai.