Butembo-Beni: Magonjwa ya ngozi bado hayana nafasi yake katika hospitali kuu

Wagonjwa wa ngozi katika miji ya Butembo na Beni, jimboni Kivu Kaskazini, wanategemea hospitali ambazo muundo wake haukuwawekea huduma yao. Kwa kanuni za afya za DRC, hospitali kuu ya rufaa ya kila zoni ya afya husimama juu ya huduma nne: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi. Ngozi haimo.

Kwa utaratibu huo, mwenye vidonda au vipele hupelekwa magonjwa ya ndani, ambako anapanga mstari mmoja na wenye malaria, kisukari na presha. Kwa kuwa ngozi mara nyingi haiui haraka, yeye ndiye husubiri. Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache nchini na wengi wako miji mikubwa kama Kinshasa, ambako Kliniki za Chuo Kikuu zina huduma ya dermatolojia. Kutoka Butembo, kufika kule ni kwa ndege, na bei ya tiketi inawashinda wakulima na wachuuzi wengi.

Vita vinaongeza mzigo

Mashambulizi ya ADF katika wilaya ya Beni tangu 2014, kisha kuanguka kwa Kanyabayonga mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024, vimesukuma familia nyingi kuelekea Oicha, Beni, Lubero na Butembo. Pale watu wengi wanapolala chumba kimoja na maji ni haba, upele, ambao wengi huuita gale, hupata njia. Kidudu chake huchimba chini ya ngozi, na kwa anayeambukizwa mara ya kwanza muwasho unaweza kuchukua wiki nne hadi sita kuonekana. Wakati huo tayari ameambukiza wengine nyumbani. Shirika la afya ulimwenguni, OMS, linakadiria kwamba watu wasiopungua milioni 200 wana upele kwa wakati wowote. Mtoto anayejikuna hupata vidonda, na vijidudu vinavyoingia humo vinaweza kufika kwenye damu au kuharibu figo.

Dawa zipo: ya kupaka, kama benzoate de benzyle, au vidonge vya ivermectine vinavyorudiwa baada ya wiki moja au mbili. Ugumu ni kwamba watu wote wa nyumba wanapaswa kutibiwa siku moja, hata wasiowashwa, na nguo na mashuka kufuliwa. Familia inayolipa kutoka mfukoni hununua chupa moja kwa mtoto mmoja, na baada ya wiki chache upele umerudi. Wengine hukimbilia krimu za sokoni zenye kortizoni, ambazo hutuliza muwasho huku ugonjwa ukiendelea kuenea.

Macho ya muuguzi

Muuguzi wa kituo cha afya ndiye wa kwanza kuona ngozi hiyo. Anapaswa kutofautisha upele na mpox, ambayo mara nyingi huja na homa na tezi zilizovimba, na kutambua ukoma, ambao huanza kwa baka lisilohisi mguso. Dawa za ukoma hutolewa bure duniani kote tangu 1995, lakini anayechelewa anaweza kupoteza vidole au macho.

Fedha za dharura huja kwa jina la ugonjwa mmoja. Wakati wa Ebola, kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020, vituo vya matibabu na maabara vilifunguliwa Beni, Butembo na Katwa. Ugonjwa huo uliua watu 2,287, na wakaaji wengi waliuliza kwa nini magonjwa yao ya kila siku hayapati msaada huo. Dharura ya kimataifa ya mpox nayo ilitangazwa tarehe 14 Agosti 2024 na kuondolewa Septemba 2025. Upele haujawahi kutangaziwa dharura kama hiyo.

Mfano wa Moshi

Tanzania ilichagua njia nyingine. Tangu 1992, kituo cha mafunzo ya ngozi katika hospitali ya KCMC, mjini Moshi, hufundisha maafisa tabibu, si madaktari bingwa peke yao. Wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika husoma miaka miwili, kisha hurudi kuhudumia wilaya zao.

Mei 2025, mkutano mkuu wa OMS mjini Geneva ulipitisha azimio linaloyapa magonjwa ya ngozi kipaumbele. Kwa Butembo, yenye kitivo cha udaktari katika Chuo Kikuu cha Graben, hatua ya kwanza inaweza kuwa kufundisha wauguzi wa zoni za afya na kuhakikisha kituo kina dawa ya kutosha familia nzima.

Kwa sasa, mwenye vipele pamoja na homa, baka lisilohisi, au muwasho wa usiku unaoshika watu kadhaa nyumbani, anashauriwa kwenda kituo cha afya kabla ya kupaka chochote.