Sukari ya Mzazi na Kijana Asiyeumwa

Msimu wa maembe ukifika, soko la Kalamba, kaunti ya Makueni, hujaa vijana wenye nguvu. Wapo wanaopakia malori, wapo wanaopeleka abiria mjini Wote kwa bodaboda, na wapo wanaosubiri kazi ya siku katika kiwanda cha matunda cha kaunti. Muulize mmoja wao kama anaumwa, atakwambia hajambo. Muulize nani kwao ana sukari, atakutajia mama, au marehemu babu aliyekatwa mguu. Jibu hili la pili ndilo linalostahili kufika kwa daktari.

Kisukari cha aina ya pili huanza miaka mingi kabla ya mtu kuambiwa anacho. Baadhi ya vijana waliozaliwa na mzazi mwenye ugonjwa huo, misuli yao huwa mizito kuitikia insulini, na kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi ili sukari ishuke. Wengine, kongosho lenyewe hutoa insulini haba zile dakika za kwanza baada ya kula. Kidole kikidungwa asubuhi kabla ya chai, mashine yaweza kusoma chini ya milimoli 5.6 kwa lita, na kijana akaruhusiwa kwenda zake. Namba hiyo ni ya kweli, ila haionyeshi kongosho limefanya kazi kiasi gani kuifikia.

Huko Boston, Marekani, watafiti wa Kliniki ya Joslin waliwafuatilia watu 155 ambao baba na mama zao wote walikuwa na kisukari. Walipoanza walikuwa wazima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kuwa waliougua baadaye walikuwa na insulini nyingi damuni, na sukari yao ilikuwa ikiondoka polepole, zaidi ya miaka 10 kabla ya ugonjwa kugunduliwa.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema sukari ya ukoo haikwepeki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwapima Wakamba, Waluo na Wamaasai wa mashambani, pamoja na wakazi wa Nairobi. Mashambani kisukari kilikuwa asilimia 2.2, mjini, 12.2. Mtu akihama kijiji habadilishi damu. Hubadilisha kazi, chakula na mwendo.

Na siku hizi si lazima uhame. Aliyekuwa akichimba matuta ya shamba kutwa nzima, sasa mwanawe anashinda ameketi juu ya pikipiki, soda mkononi. Msuli unaofanya kazi hupokea sukari hata insulini ikiwa kidogo. Uliokaa huliachia kongosho mzigo wote. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu waliokaribia kisukari, walipopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari yao ilishuka kwa asilimia 58.

Linaloniuma ni ukimya. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu Wakenya 9 kati ya 10 hawajawahi kupimwa sukari, na nyumba nyingi huficha maradhi ya wazazi kama aibu. Mzazi mwenye sukari, waambie wanao. Nawe kijana, ukifika zahanati mtajie mhudumu ugonjwa wa mzazi wako kabla hajakudunga kidole, na urudi kupimwa tena hata kama namba ya leo ni nzuri.