Kadi za Harusi na Idi: Riziki Iliyo Ndani ya Nyumba

Familia moja ya hapa mwambao iliwaalika jamaa harusini kwa kadi nzuri mno, zenye utepe na nakshi za dhahabu. Siku ikaandikwa: “usiku wa Ijumaa”. Kwa nyanya wa bi harusi maneno hayo yalikuwa wazi kabisa, maana kwetu siku huanza jua linapotua, na usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Wageni wa bara walifahamu vingine. Walifika siku ya pili, viti vimekwisha kukunjwa na biriani imekwisha kuliwa.

Mpenzi msomaji, nimeanza na kisa hiki kwa sababu dada zetu wengi wanatamani kuanza biashara ndogo ya kadi, wakidhani kazi yenyewe ni kupamba. Kupamba ni sehemu tu. Mwenye kadi amekukabidhi neno lake ulifikishe kwa watu, na neno hilo ni amana. Kabla ya kupiga chapa, muulize mteja: ni usiku upi, kwa tarehe? Saa kumi ni ya Kiswahili au ya Kizungu? Nikahi ni msikiti gani, baada ya swala ipi? Shughuli ya wanawake ni wapi, na watoto wamealikwa? Kisha mpe nakala moja aisome, na mtu wa pili nyumbani kwake aisome pia, ndipo uchape zilizobaki.

Biashara hii yamfaa mama wa nyumbani, kwani meza moja, rula, kisu kikali na mkasi vyatosha kuanzia. Karatasi ya kawaida ya fotokopi huwa na uzito wa gramu 80 kwa mita mraba. Hiyo ni laini mno. Tafuta karatasi ngumu ya gramu 250 hadi 300. Karatasi moja ya A4 ukiikata katikati hutoa vipande viwili, na kila kipande kikikunjwa huwa kadi moja ya kuingia katika bahasha ya milimita 114 kwa 162. Usikunje kwa nguvu za vidole tu. Pitisha kwanza kalamu iliyokwisha wino kando ya rula, ifanye mfereji mwembamba, kisha kunja. Mkunjo utanyooka na karatasi haitapasuka. Na kwa kuwa hewa yetu ya pwani ina unyevu, hifadhi karatasi katika mfuko wa plastiki uliofungwa, la sivyo zitajikunja pembe kabla hujazigusa.

Nakshi usizitafute mbali. Siyu, kisiwani Pate, ilisifika zamani kwa kunakili na kupamba misahafu. Milango ya Lamu, ukili wa mikeka, michoro ya hina na pindo za leso ni hazina tuliyoirithi, na yote hayahitaji sura ya mtu wala mnyama. Leso yenyewe ni mwalimu mzuri, kwani kwa maneno machache yaliyochaguliwa vyema hufikisha salamu, shukrani au kijembe. Jambo moja lataka uangalifu: kadi nyingi mwisho wake ni jaani. Ndiyo sababu wengi miongoni mwetu hujizuia kuchapa aya za Qur’ani juu yake. Shauriana na mteja, na ikibidi muulizeni sheikhe wenu. Dua njema kwa Kiswahili fasaha haipungui uzuri.

Sasa tuje kwenye hesabu, mahali ambapo wengi huanguka. Tuchukulie dada amepata oda ya kadi 100. Bei nitakazotaja ni za mfano. Kaulize za dukani kwenu. Anahitaji karatasi 50, na 5 za akiba kwa zitakazoharibika: karatasi 55 kwa sh 15 ni sh 825. Bahasha 105 kwa sh 8 ni sh 840. Kuchapa karatasi 55 kwa sh 20 ni sh 1,100. Utepe na gundi sh 600, nauli sh 300. Jumla sh 3,665.

Dada huyu anauza kila kadi kwa sh 40, anapokea sh 4,000, na anafurahi kwamba amepata faida ya sh 335. Lakini kila kadi ilimchukua dakika 6 kukata, kukunja na kufunga utepe. Kadi 100 ni dakika 600, yaani saa 10. Amefanya kazi kwa sh 33 na nusu kwa saa, usiku, watoto wakiwa wamelala. Huyo hajafanya biashara. Amemsaidia mteja kulipia harusi yake. Lau angejiwekea ujira wa sh 100 kwa saa, gharama ingefika sh 4,665. Akiuza kadi kwa sh 60 atapokea sh 6,000. Atajilipa ujira wake wa sh 1,000, na itabaki faida ya sh 1,335 ya kukuza kazi.

Wengi huona haya kutaja bei hiyo kwa shoga au jirani. Ukitaka kumpa jirani yako zawadi, mpe, nawe uiandike daftarini kuwa ni zawadi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur’ani, yatuamrisha kuandika deni la muda. Basi kila oda iandikwe: idadi, rangi, maneno, bei, tarehe ya kukabidhi, na kilicholipwa. Ukitanguliziwa thuluthi mbili za bei, katika mfano wetu ni sh 4,000, vifaa vyote vimekwisha kulipiwa, nawe huna haja ya kukopa kwa riba. Mtaji wako ni wa vifaa vya meza na kadi chache za kuonyesha tu, na huo waweza kutoka katika zamu yako ya chama.

Jua pia misimu. Mwaka wetu wa mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo Idi husogea nyuma kila mwaka katika kalenda ya ukutani. Kadi za Mfunguo Mosi zianze kutengenezwa Shaabani, kabla saumu haijakuchukulia nguvu. Harusi hupungua Ramadhani na huongezeka baada ya Idi na katika likizo za shule. Wengine watakuambia kwamba simu imeua kadi. Ni kweli picha za salamu zatumwa bure. Hata hivyo, mzee wa ukoo bado hutarajia kualikwa kwa kuendewa nyumbani na kukabidhiwa kitu mkononi. Mteja anayetaka ya simu pia, mtengenezee kwa bei yake.

Kazi ikikua, sajili jina la biashara kupitia eCitizen na uulize kibali cha kaunti.

Bibi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mfanyabiashara, na aya ya 32 ya Suratun Nisaa yathibitisha kuwa mwanamke ana fungu lake katika alichokichuma. Basi dada, kihesabu kilicho chako bila haya, na ukifikishe cha mwenzio bila kosa. Wabillahi tawfiq.