Nyota za Tantali Chini ya Kanieneo

Upitishaji umeme usio na ukinzani, uliogunduliwa Leiden mwaka 1911 katika zebaki iliyopoozwa, huonekana pia katika maada zenye matabaka, yaani fuwele ambazo atomu zake zimeshikana kwa nguvu ndani ya kila tabaka huku matabaka yenyewe yakishikana kwa ulegevu. Mojawapo ni tantali disalfaidi ya aina ya 1T, ambayo kila tabaka lake ni atomu za tantali, metali ile ile itokayo katika koltani ya Kivu, zilizobanwa kati ya safu mbili za atomu za salfa.

Maada hiyo inapopoozwa hadi kama nyuzi 90 za Selsiasi chini ya sifuri, elektroni zake huwa zimejipanga kwa mawimbi, zikirundikana hapa na kupungua pale, na atomu nazo huzifuata: atomu 12 za tantali husogea kuelekea ya 13 iliyo katikati, na tabaka zima likajaa nyota zenye ncha sita. Katika elektroni 13 za kila nyota, 12 huungana jozi jozi. Moja hubaki pekee, na kwa kuwa elektroni husukumana, haiwezi kuhamia nyota ya jirani ambayo tayari ina ya kwake. Hivyo maada iliyotarajiwa kuwa metali hugeuka kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme.

Kanieneo ndiyo huivunja hali hiyo. Katika vipimo vya aina hii mara nyingi fuwele ndogo huwekwa ndani ya kitundu cha bamba la metali kilichojazwa kimiminika, kisha ncha mbili bapa za almasi hukibana juu na chini, huku punje ya yakuti iliyo kando ikimulikwa kwa leza ili rangi ya mwanga wake ionyeshe kanieneo imefikia kiasi gani. Mwaka 2008 watafiti wa Lausanne, Uswisi, na wenzao walieleza kwamba ukihami hutoweka kwenye takribani gigapaskali 0.8, yaani mara 8,000 ya kanieneo ya angahewa, na kwamba kuanzia gigapaskali 2.5 hivi ukinzani hufika sifuri, maadamu jotoridi limeshuka hadi karibu nyuzi 268 chini ya sifuri.

Wengi walizoea kudhani kwamba mawimbi hayo na upitishaji usio na ukinzani hugombea elektroni zile zile, na kwamba kimoja sharti kife ndipo kingine kizaliwe. Hapa sivyo. Nyota hubaki katika visiwa, na watafiti hao walipendekeza kwamba upitishaji huo huanzia katika maeneo ya kimetali yaliyo kati ya visiwa hivyo. Pendekezo hilo lina nguvu, lakini halimalizi fumbo, kwa kuwa kanieneo ikizidi gigapaskali 5 kwa mbali na nyota zote zikatoweka, jotoridi la mpito, yaani lile ambalo chini yake ukinzani hutoweka, hubaki karibu lile lile.