Pesa Iko Kwenye Katriji

Mei 2009, mtoto wa kwanza katika awamu ya tatu ya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S alichanjwa Bagamoyo, chini ya Taasisi ya Afya Ifakara. Baadaye R21 nayo ikajaribiwa hapo hapo. Mji huu umejijengea jina kwa kupima na kuthibitisha. Lakini ukifuata fedha za vipimo vyenyewe, zinakuongoza mbali na Pwani.

Chukua kipimo cha haraka cha malaria. Mhudumu anatoboa kidole, anavuta mikrolita 5 za damu, anaziweka kwenye kitundu cha kipimo na kuongeza matone ya bafa. Wekundu unaanza kutambaa kwenye utepe mweupe, unapita mstari T wa kipimo, unafika mstari C wa udhibiti. Dakika 15 hadi 20, jibu liko mezani. Hakuna pampu wala umeme: vinyweleo vya utepe wa nitroselulosi ndivyo vinavyovuta damu. Hiyo ni mikrofluidiki, teknolojia ya kuendesha vimiminika kidogo sana kwenye njia nyembamba, katika sura yake nyepesi kabisa. Kikinunuliwa kwa jumla, kipimo kimoja hakifiki nusu dola.

Kwa kifua kikuu hesabu ni nyingine. Mashine ya GeneXpert, iliyopata baraka za Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, inafanya ndani ya katriji kazi iliyokuwa ikihitaji maabara kubwa. Makohozi yanachanganywa na kitendanishi, yanaachwa dakika 15, yanamiminwa ndani. Valvu na vyumba vidogo vya katriji vinasafisha sampuli, vinapasua bakteria, kisha vinasaba vyao vinazidishwa. Chini ya saa 2 daktari anajua kama mgonjwa ana TB, na kama vimelea vimeshakuwa sugu kwa rifampisini. Katriji inatupwa.

Faida iko hapo. Mashine hununuliwa mara moja. Katriji hununuliwa kwa kila mgonjwa, kutoka kwa mtengenezaji mmoja. Mwaka 2012 bei kwa nchi zenye kipato cha chini ilipangwa kuwa dola 9.98, ikaganda hapo zaidi ya miaka kumi. Septemba 2023, baada ya shinikizo la muda mrefu, kampuni ya Danaher, inayomiliki Cepheid, mtengenezaji wa GeneXpert, iliishusha hadi dola 7.97. Madaktari Wasio na Mipaka walitaka dola 5, na nadhani walikuwa na haki. Hizo dola 7.97 ni bei ya kiwandani. Usafirishaji na usambazaji bado. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, kila wizara ya afya ya ukanda huu ilikumbushwa nani hasa hulipia vitu hivi.

Vipimo vingi vya haraka vya malaria hutengenezwa India, Korea Kusini na China. Si lazima iwe hivyo milele. Kilifi, Kenya, kampuni ya Revital Healthcare inatengeneza sindano. Dakar, Senegal, Taasisi ya Pasteur ina kiwanda chake cha vipimo, diaTROPIX. Bagamoyo mazungumzo yamekuwa ya bandari, mradi uliotiwa saini 2013 na kusimamishwa 2019, wakati kukata na kuunganisha vitepe hakuhitaji gati. Kunahitaji chumba kikavu, wataalamu wa maabara, ambao Bagamoyo inao, na usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Zaidi ya yote kunahitaji mkataba wa ununuzi wa miaka kadhaa kutoka Bohari ya Dawa, maana bila mnunuzi wa uhakika sioni benki itakayokopesha kiwanda cha namna hiyo.