Wapelelezi wa Vitabuni (Sehemu ya Pili): Bwana Afya wa Makunduchi

Wiki iliyopita tuliishia kwa Agatha Christie, yule mama wa Torquay aliyefanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha mwaka 1920 akatoa riwaya yake ya kwanza ya upelelezi. Wasomaji wamelalamika kwamba niliisifu sumu ya kitabu kile bila kueleza ilivyofanya kazi. Haya, nieleze, kitabu kimetimiza miaka mia na zaidi, sidhani kama namharibia mtu uhondo.

Bibi mwenye nyumba alikuwa na chupa ya dawa ya kutia nguvu, yenye strikinini kidogo sana kwa kila kijiko, kama ilivyokuwa kawaida enzi hizo. Muuaji hakuongeza sumu hata tone. Alitia unga wa bromaidi tu. Bromaidi ikaitenga strikinini na maji, ikaishusha taratibu mpaka chini ya chupa, ikakaa huko kama mashapo. Bibi akaendelea kunywa kila siku bila kudhurika. Siku alipofikia kijiko cha mwisho, alikunywa sumu ya chupa nzima kwa mkupuo mmoja. Yeyote aliyewahi kusoma kwenye chupa maneno "tikisa kabla ya kutumia" atauona ujanja huo mara moja, na atajua kwamba aliyeutunga amewahi kushika chupa za dawa kwa mikono yake.

Msomaji mwingine, wa Kahama, aliniuliza swali zito zaidi: Waingereza hawa na wauaji wao wa sebuleni wanatuhusu nini sisi watu wa Shinyanga na Geita? Jibu langu linapitia Unguja.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa, mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa katika idara ya afya, akawa mkaguzi, au bwana afya kama tunavyomwita huku bara, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi. Mwaka 1948 akahamia kwenye magazeti. Alihariri Zanzibari, akawa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Anayeijua siasa ya Zanzibar ya miaka ile ataguna hapo, maana Al Falaq lilikuwa la Jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilisimama upande wa pili kabisa. Mwaka 1958 alikabidhiwa Mkulima, jarida la kilimo, akalihariri hadi alipostaafu mwaka 1968. Yaani mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta akihariri jarida la wakulima, na yakamwacha akiendelea kulihariri.

Umaarufu wake lakini haukutoka magazetini. Katika shindano la kuandika hadithi za Kiswahili la mwaka 1957–58, lililoendeshwa na East African Literature Bureau, Abdulla alishika nafasi ya kwanza kwa Mzimu wa Watu wa Kale. Kitabu kikatoka mwaka 1960, na ndani yake akaingia Bwana Msa, mtu mtulivu mwenye kiko mdomoni, aliyeitwa kwa herufi za kwanza za majina matatu ya mtungaji wake. Baadaye zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Mtungaji alifariki mwaka 1991.

Kwamba Bwana Msa ni mtoto wa Sherlock Holmes, hilo halina ubishi. Kiko ni kile kile. Najum, rafiki anayefuatana naye akishangaa na kuuliza maswali ambayo sisi wasomaji tungeuliza, ni Daktari Watson aliyevaa kanzu. Inspekta Seif, polisi mwenye bidii ambaye kila mara amechelewa hatua moja, tulishamwona London akiitwa Lestrade. Wapo wahakiki walioishia hapo, wakamwona Abdulla mwigaji. Mimi naona wamemhukumu kwa kiko. Holmes ana maabara. Anachunguza majivu ya sigara na matope ya viatu, kisha anapanda gari la farasi kuingia katika mji wa mamilioni ya watu wasiojuana. Bwana Msa yuko kisiwani, ambako kila mtu ni shemeji au jirani wa mtu, na ambako taarifa za muhimu hazimo kwenye majivu. Zimo katika nasaba: nani alimwoa nani, nani aliachwa, mtoto yule kweli ni wa nani, mirathi ile iligawanywaje. Angalia majina ya vitabu tu. Mke Mmoja Waume Watatu si jina la kesi ya maabara.

Hapa ndipo ninapomkumbuka bwana afya. Christie alipata sumu kwenye chumba cha dawa. Nashawishika kwamba Abdulla alipata nyumba kwenye ukaguzi. Mkaguzi wa afya ni mgeni ambaye sheria inamruhusu kupita sebuleni akafika uani. Anachungulia kisima, anaangalia choo kiko hatua ngapi kutoka jikoni, anauliza mtungi huu umefunikwa na nini. Wakati huo huo anasikia ugomvi wa mke mkubwa na mdogo, na anaona nani amelazwa chumba cha nyuma ambaye hakutajwa mlangoni. Tena amefundishwa jambo moja ambalo watu wengi wa wakati wake hawakufundishwa: watoto wa mtaa wakiharisha kwa pamoja, usiulize kwanza nani kawaroga. Uliza wanateka wapi maji.

Kwa hiyo si ajabu kwamba riwaya yake ya kwanza inaanzia mzimuni. Maiti inakutwa mahali pa matambiko, mahali ambapo watu huogopa hata kupita, na kijiji kizima tayari kina jibu: wa kale wamekasirika. Kisima cha Giningi nacho kinabeba jina la mahali ambapo Wazanzibari husema wachawi hukutana. Mara mbili mtungaji anamweka msomaji mbele ya jibu lililo tayari, lenye kutisha na lenye kutosheleza, na mara mbili Bwana Msa analiweka pembeni kwa heshima zote. Hawadhihaki wanaoamini. Anachouliza ni nani alikuwa wapi, nani alimwona, na nani atakula mali ya marehemu.

Holmes mwenyewe alikuwa hivyo, ila aliyemtunga hakuwa hivyo. Arthur Conan Doyle, aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1859, alitumia miaka yake ya mwisho akihubiri kwamba wafu huzungumza na walio hai. Mwaka 1922 alitoa kitabu kizima kutetea picha za vijimalaika vilivyodaiwa kuonwa na wasichana wawili wa Cottingley, na katika safari yake ya Afrika ya mwaka 1928–29, iliyomfikisha hadi Kenya, alichokuja kuwaeleza watu kilikuwa habari za mizimu. Fikiria kichekesho hicho: baba wa mpelelezi mashuhuri kuliko wote anakuja Afrika Mashariki kuisifia mizimu, na miaka thelathini baadaye bwana afya wa zamani wa Unguja anamchukua mpelelezi yule yule kuja kuihoji mizimu.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu wa Kahama. Hapa Ngokolo, Shinyanga, na ukitoka kwenda vijijini hadi kwenye maduara ya dhahabu ya Geita, jibu lililo tayari tunalijua kwa jina lake: ramli chonganishi. Ng'ombe wamekufa, mtoto amefariki, duara limekauka halitoi kitu. Mtu anakwenda kwa nfumu, yaani mganga. Kifaranga kinapasuliwa, alama zinasomwa ndani yake, na jibu linatoka: ni mwanamke mzee, wa ukoo wenu, anakaa karibu. Anayerudi nyumbani na jibu hilo hahitaji tena ushahidi. Mkoa huu umezika vikongwe wengi kwa njia hiyo, na tangu mwaka 2007 dunia nzima ikatujua kwa mauaji ya watu wenye ualbino, ambao viungo vyao viliuzwa kama dawa ya utajiri. Serikali ilifuta leseni za waganga mwanzoni mwa 2009, na watoto wenye ualbino wakapewa hifadhi katika kituo cha Buhangija, hapa hapa manispaa.

Tusimdharau nfumu kwa haraka. Naye ni msomaji wa dalili. Anamsikiliza mteja kwa makini kuliko polisi wengi ninaowafahamu, anajua ugomvi wa ukoo, na mara nyingi mteja amefika na jina tayari kifuani. Kifaranga kinamruhusu tu kulitamka. Tatizo la ramli ni kwamba inaanza na mtu kisha inatafuta kosa lake. Bwana Msa anaanza na kilichotokea.

Mfano ulio karibu nasi ni macho mekundu. Kwa miaka mingi Usukumani, bibi mwenye macho mekundu ameitwa mchawi, na wapo waliokatwa mapanga kwa sababu hiyo hasa. Mpe Bwana Msa kesi hiyo. Naamini swali lake la kwanza lingekuwa bibi anapikia nini. Anapikia mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya pamba, ndani ya kijumba kisicho na dirisha, miaka arobaini au hamsini mfululizo. Moshi wa mavi ya ng'ombe mtu hahitaji kuusoma kwenye kitabu, utakutoa machozi mlangoni kabla hujapiga hodi. Swali la pili: kwa nini hapikii kuni? Kwa sababu kuni hakuna. Na kwa nini hakuna, wakati wazee wanasema nchi hii ilikuwa msitu?

Hapo kesi inatoka jikoni na kuingia kwenye mafaili ya serikali. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliongoza ukataji wa vichaka Shinyanga ili kufukuza mbung'o. Makao ya utafiti wa mbung'o yalikuwa Old Shinyanga, kilomita chache tu kutoka ninapoandikia. Mbung'o kweli walipungua, ng'ombe wakaongezeka. Pamba nayo ikadai mashamba. Miti ikaisha, mpaka watu wakaanza kuuita mkoa huu jangwa, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kurudisha ngitili (malisho yaliyotengwa) na miti. Mbung'o, shoka, pamba, samadi, moshi, jicho. Mnyororo huo una viungo sita, na bibi yumo kwenye kiungo cha mwisho tu, kama mwathirika. Linabaki swali ambalo Bwana Msa halisahau kamwe, la mirathi: bibi akiondoka, shamba na ng'ombe wake vinakwenda kwa nani? Waliofuatilia mauaji haya wamekuta mara nyingi kwamba aliyelipia panga alikuwa wa damu yake.

Sheria ya Uchawi tunayo tangu mwaka 1928, na sina hakika kwamba imewahi kumfundisha mtu kuuliza maswali ya namna hii. Sidai kwamba riwaya zingeokoa maisha. Vijijini kwetu riwaya hazikufika, na pale zilipofika zilisomwa kwa ajili ya mtihani, jambo ambalo huua hadithi kuliko mzimu wowote. Nasema tu kwamba katika Kiswahili chetu, kabla ya uhuru wa Tanganyika, mtu mmoja aliandika kwa burudani tupu namna ya kukataa jibu la kwanza, na akaiandika vizuri.

Ukitaka kuanza, anza na Mzimu wa Watu wa Kale, kisha ruka hadi Kosa la Bwana Msa, ambacho jina lake linamkumbusha msomaji kwamba hata mpelelezi hukosea. Katikati usome Siri ya Sifuri polepole, maana hapo Abdulla anamchezea msomaji kwa makusudi na anafurahia kufanya hivyo. Kiswahili chake kitakupa taabu kidogo ukiwa mtu wa bara. Baadhi ya maneno ni ya Unguja hasa, lakini mazungumzo yanayabeba.

Wiki ijayo tutavuka bahari kurudi bara. Mwaka 1965, Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na humo upelelezi ukaachana na kanzu na kiko: ukapata simu, magari na polisi wa mshahara. Baada yake akaja Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambaye haulizi maswali mengi kabla ya kutoa bastola. Nina ugomvi naye, nitaueleza.